Bunduki Ndogo ya Bei Kubwa: Historia ya Kalibre .22

Bunduki ya kalibre .22 hurusha risasi yenye kipenyo cha milimita 5.6, na ni miongoni mwa silaha za kiraia zilizoenea zaidi duniani. Bunduki mbili za kundi hili zaweza kufyatua risasi ileile, ilhali moja inauzwa mara kumi ya bei ya nyingine. Pengo hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Historia yake inaonyesha pale ambapo fedha ya ziada hununua ubora wa kweli na pale ambapo haibadilishi kitu.

Chanzo cha risasi hiyo ni Paris, ambako mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo yenye fataki ndani ya ukingo wa ganda. Haikuwa na baruti. Nguvu ya fataki pekee ilitosha kwa mchezo wa kulenga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilileta sokoni .22 Short, risasi ya ukingo iliyotiwa baruti, na mwaka 1887 kiwanda cha J. Stevens cha Massachusetts kikatoa .22 Long Rifle, yenye kichwa cha takriban gramu 2.6. Hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Kwa miaka mingi bunduki za .22 zilikuwa za bei nafuu. Stevens Favorite, na Winchester Model 1900 iliyobuniwa na John Browning, zilibeba risasi moja kwa wakati na zilinunuliwa kwa ajili ya vijana wa mashambani waliowinda sungura na kuchakuro. Mtutu wa gharama haukuwa na maana kubwa wakati huo, kwa sababu fataki za enzi hizo ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo ilivuta unyevu wa hewa, na bunduki isiyosafishwa mara baada ya kutumika ilishika kutu upesi, mifereji ya ndani ikaharibika. Fataki zisizoleta kutu zilipoenea Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, mtutu mzuri ulianza kudumu miaka mingi, na kulipia zaidi kukawa na mantiki.

Kabla ya hapo mahitaji yalikuwa yamekwisha kubadilika. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwatia Waingereza wasiwasi kuhusu uwezo wa askari wao wa kulenga. Mwaka 1901 ikaundwa jumuiya ya vilabu vya shabaha vya wafanyakazi, na jemadari Lord Roberts akawa mtetezi wake mkuu. Risasi ya .22 ilifaa vilabu hivyo: ilikuwa rahisi, haikupiga teke begani, na uwanja wake ulienea ndani ya ukumbi wa kawaida. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kilitengeneza bunduki za mtambo wa Martini kwa kazi hiyo. Shabaha ya karatasi ilileta kipimo kipya. Mwindaji huona tu kwamba amepata au amekosa. Karatasi huhifadhi kila kosa la milimita.

Kipimo hicho ndicho kilichozaa bunduki ya .22 iliyosifika kwa ufundi wa hali ya juu. Winchester Model 52 ilionyeshwa katika mashindano ya kitaifa ya Marekani huko Caldwell, New Jersey, mwaka 1919, na ikaingia sokoni mwaka uliofuata. Ilikuwa nzito, ya komeo, yenye magazini ya risasi tano. Iliboreshwa mara kwa mara, hasa katika muda unaopita kati ya kuvuta kifyatulio na fataki kulipuka. Muda huo ukiwa mrefu, mkono hutikisika kabla risasi haijatoka. Ndiyo maana mtambo wa kasi zaidi uliofungwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ulithaminiwa sana. Winchester ilifilisika mwaka 1931 ikanunuliwa na Western Cartridge, lakini Model 52 iliendelea hadi 1980, baada ya kutengenezwa takriban 125,000. Kazi yake ya mikono mingi ilikuwa ghali, na kampuni haikuweza tena kuibeba.

Uongozi ulikuwa umekwishahamia Ujerumani. Kampuni ya Anschütz ilianzishwa mwaka 1856 huko Mehlis, Thuringia. Baada ya 1945 eneo hilo lilikuwa chini ya Wasovieti, na familia ikaanza upya katika mji wa Ulm mwaka 1950. Mtambo wake wa Match 54 ukawa msingi wa bunduki za mashindano kwa miongo kadhaa. Kifyatulio chake huweza kurekebishwa hadi kivutwe kwa uzito wa gramu mia moja hivi, na kitako husogezwa kulingana na bega na shavu la mlengaji.

Upande wa pili wa soko, ule wa bei nafuu, nao haukulala. Marlin Model 60 ilitoka mwaka 1960, na Ruger 10/22 mwaka 1964. Mashine za kisasa zilitengeneza mitutu mizuri kwa wingi, na kila moja ya bunduki hizi imeuzwa kwa mamilioni. Kwa anayewinda sungura hatua hamsini kutoka alipo, usahihi wake unatosha kabisa.

Katika mashindano hautoshi. Katika shabaha ya mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Katika Olimpiki ya Atlanta ya 1996, Mjerumani Christian Klees alipata alama 600 kati ya 600 katika raundi ya mchujo ya kulenga akiwa amelala. Hapo hata risasi huchaguliwa: mlengaji hupeleka bunduki kwenye uwanja wa majaribio wa mtengenezaji, kama Eley wa Birmingham, na kupima mafungu mbalimbali ili apate lile linaloafikiana na mtutu wake. Bunduki ya gharama ikilishwa risasi duni, faida yake hupotea. Katika baiatloni, mchezo wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha uliohamia kalibre .22 mwishoni mwa miaka ya 1970, kinacholipiwa pia ni komeo la kuvutwa moja kwa moja, linalofanya kazi upesi kwenye baridi kali.

Kati ya pande hizo mbili ziko bunduki za uwindaji za kifahari, kama Winchester 52 Sporter ya 1934. Mbao zake za mjozi na umaliziaji wake huwavutia wakusanyaji, na nyingi zimepanda thamani. Mnyama anayewindwa, hata hivyo, haoni tofauti hiyo. Bei kubwa imekuwa halali pale kazi inapohesabu milimita, bunduki inapofyatuliwa maelfu ya mara kwa mwaka, au mnunuzi anapoupenda ufundi wenyewe kiasi cha kuulipia. Nje ya hapo, bunduki ya kawaida pamoja na fedha iliyobaki kwa risasi za mazoezi humjenga mlengaji zaidi.