Kiti kinachomjua mtu kwa moyo wake

Mtu aweza kutambuliwa kwa ishara za moyo, kama anavyotambuliwa kwa alama za vidole. Kila pigo huanza na umeme hafifu unaofika hadi kwenye ngozi. Willem Einthoven wa Uholanzi aliunda mashine ya kuupima, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mchoro wa umeme huo hutofautiana baina ya mtu na mtu, kwani maumbile ya moyo na mkao wake kifuani havilingani. Mwaka 2001 watafiti wa Sweden walionyesha, kwa majaribio ya watu 20, kuwa mchoro huo waweza kumtambulisha mtu.

Si lazima kufungwa nyaya hospitalini. Vipande vya chuma kwenye usukani wa gari au mikono ya kiti hupokea umeme huo viganja vyote viwili vikivigusa. Kihisio chini ya godoro hupima mtikisiko mdogo wa mwili damu inaposukumwa. Kompyuta hulinganisha ishara na ile iliyohifadhiwa mwanzo, ingawa homa, mbio au hofu huweza kuipotosha.

Wasiwasi wangu ni huu: nywila ikiibwa utaibadilisha, moyo je? Tena ishara hiyo hiyo hufichua maradhi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 huhesabu taarifa za kibayometriki na za afya kuwa nyeti. Basi kabla ya kununua kifaa kama hiki, uliza ishara zitahifadhiwa wapi. Na mgeni wako akikaribishwa kitini, nani atamwomba idhini?