Alamo Square: Nyumba zilibaki, wenyeji wakaondoka

Nyumba za mbao za Alamo Square, mjini San Francisco, Marekani, ni kumbukumbu ya zama za Malkia Victoria. Zile mashuhuri za barabara ya Steiner zilijengwa kati ya mwaka 1892 na 1896, zikanusurika tetemeko na moto wa mwaka 1906.

Katika eneo jirani la Western Addition, mpango wa serikali wa kujenga mji upya ulibomoa maelfu ya nyumba kama hizo kuanzia miaka ya 1950. Maelfu ya wakazi, wengi wao Wamarekani weusi, walihamishwa. Baadhi walipewa vyeti vya kipaumbele cha kurejea, lakini ni wachache waliorejea.

Alamo Square ilitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1984. Sheria hiyo yalinda kuta, si majirani.