Utani na Mzaha katika Hotuba za Hadhara

Kicheko katika hotuba kina faida mbili zijulikanazo na kila msemaji: huwaamsha wasikilizaji waliochoka, na hulainisha neno gumu lipate kumezwa. Walakini wahenga walikwisha kuonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, na hatari hiyo si ndogo kuliko faida. Basi yafaa kuuliza ni nani ampaye msemaji ruhusa ya kuwachekesha watu hadharani, na ruhusa hiyo hukoma wapi.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 63 kabla ya Kristo, Cicero, aliyekuwa mmoja wa makonsuli wawili walioongoza dola ya Rumi, alimtetea Murena, aliyeshtakiwa kwa kununua kura. Miongoni mwa washtaki alikuwamo Cato, mtu aliyeheshimiwa mno kwa unyofu wake. Kuushambulia unyofu huo kusingalifaa kitu. Kwa hiyo Cicero aliifanyia mzaha falsafa ya Wastoiki aliyoifuata Cato, hata watu wakacheka. Murena aliachiliwa. Plutarch asimulia kwamba Cato alitabasamu tu, akawaambia waliokuwapo kuwa wamepata konsuli mcheshi kweli kweli. Katika neno hilo fupi mlikuwamo karipio: kesi ilishindwa kwa kicheko, lakini je, cheo kile kilistahili kicheko? Plutarch huyo huyo aeleza kuwa mizaha ya Cicero ilimletea chuki za wengi. Cicero mwenyewe, katika kitabu chake juu ya msemaji cha mwaka 55 kabla ya Kristo, alieleza kwa urefu habari za kicheko, akashauri kwamba wanyonge wasidhihakiwe, wala wale wapendwao na watu. Hata hivyo, kuupima mpaka huo alikuachia msemaji, autumie kwa busara yake.

Katika Tanganyika mpaka kama huo uliwekwa na jamii yenyewe, kwa desturi iitwayo utani. R. E. Moreau aliandika habari zake mwaka 1941, na mwaka mmoja kabla yake A. R. Radcliffe-Brown alikwisha kueleza kanuni ya desturi za namna hiyo: mmoja ana ruhusa, na pengine ana wajibu, wa kumdhihaki mwenziwe, naye mwenziwe amekatazwa kukasirika. Chanzo cha utani aghalabu hutajwa kuwa ni vita au safari. Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali kati ya 1878 na 1882, wakawa watani. Kadhalika Wanyamwezi, wachukuzi wa misafara, walipata watani miongoni mwa Wazaramo na makabila mengine ya njia ya pwani. Hivyo watu walioweza kudhuriana walipewa njia ya kusemana pasipo kumwaga damu.

Nguvu ya utani ilionekana zaidi msibani. Kwa makabila mengi, watani ndio waliosaidia kuchimba kaburi; nao waliiga mwendo na usemi wa marehemu, wakataja hata ubahili wake, mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Maneno yale yale yakitamkwa na asiye mtani huwa matusi. Kilichoyageuza si ufundi wa ulimi, ni uhusiano uliotangulia.

Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Mcheshi aweza kuwa mcheshi peke yake, lakini hapana mtani asiye na mwenziwe: huyu akiwa mtani wa yule, yule naye ni mtani wa huyu. Kejeli na dhihaka zaweza kwenda upande mmoja zisirudi; utani hutaka majibu, na kwa sababu hiyo kitenzi chake hupenda kiambishi cha kutendana: watu hutaniana. Maana hiyo haikupotea neno lilipotoka katika makabila na kuingia mjini, kwani hata Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 huitwa watani wa jadi, na kila upande hungoja zamu yake ya kucheka.

Hapa ndipo penye mashaka ya jukwaa. Msemaji mwenye kipaza sauti hutania, lakini msikilizaji hana nafasi ya kumjibu. Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 katika kabila dogo la Wazanaki, hakuwa na utani wa jadi na wengi wa wale aliowahutubia. Hata hivyo hotuba yake ya Sikukuu ya Wafanyakazi, aliyoitoa Mbeya tarehe 1 Mei 1995, ilijaa vicheko. Karibu miaka 10 ilikuwa imepita tangu aache urais, na uchaguzi mkuu wa vyama vingi ulikuwa karibu. Aliuliza swali, akalijibu mwenyewe, akabadili sauti, akacheka pamoja na watu. Na katika kicheko hicho aliwasuta waliorudia ukabila na waliokimbilia Ikulu. Alisema kama babu, na babu na mjukuu ni watani katika desturi za makabila mengi. Tena shabaha yake haikuwa mnyonge, bali wenye kutaka madaraka, watu wasiokosa jukwaa la kujibia.

Kwa hiyo busara ya Cicero na desturi ya watani hukutana mahali pamoja. Msemaji asiye na utani na wasikilizaji wake hana budi kuujenga kwanza, aghalabu kwa kujicheka mwenyewe. Kisha amtanie yule tu awezaye kumrudishia. Akimcheka asiyeweza kujibu, watu huenda wakacheka siku hiyo, lakini wakiisha kutawanyika hubaki jeraha, na neno lililokusudiwa husahauliwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.