Wingi wa Namba Tasa na Ulinzi wa Siri

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kuanzia maduara ya wachimbaji wadogo hadi maduka ya Katoro, bei hufuata uchache: mawe mengi husagwa ili zipatikane gramu chache. Ni rahisi kuihamishia fikra hiyo kwenye namba tasa kubwa. Oktoba 2024 iligunduliwa kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 41,024,320, na wakati huo ilizipita zote zilizojulikana. Anayesikia habari hiyo huamini kwamba namba tasa zina thamani kwa kuwa ni adimu. Nashikilia kinyume chake: zinatufaa kwa sababu ni nyingi mno.

Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba hazina mwisho. Mwaka 1896 wanahisabati Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake, walithibitisha jinsi zinavyopungua kadiri namba zinavyokua, na kupungua huko ni kwa polepole sana. Hata penye tarakimu 308, kwa wastani namba witiri moja katika kila 355 hivi ni tasa. Hivyo kompyuta inayohitaji namba tasa huokota namba kwa bahati nasibu na kuipima, ikikosa huokota nyingine. Upimaji wenyewe hauhitaji kutafuta vigawo. Mwanahisabati Fermat alieleza kwamba p ikiwa tasa, basi kwa namba nzima yoyote a, a kwa kipeo cha p, ukitoa a, hugawanyika kwa p bila baki. Namba inayoshindwa hapo si tasa, hata kama hakuna ajuaye vigawo vyake. Hii ndiyo sifa ninayoiona kuu kuliko zote. Kuitambua namba tasa ni kazi nyepesi, ilhali kurudisha zao la namba tasa mbili kubwa kwenye vigawo vyake bado ni kazi nzito mno kwa kompyuta tulizonazo. Juu ya tofauti hiyo ndipo ulipojengwa mfumo wa RSA, mmoja wa mifumo inayolinda mawasiliano ya benki kwenye intaneti.

Je, wingi huo haumpi mwizi nafasi ya kuziorodhesha zote? Haumpi, kwani zenye biti 1,024 pekee zinazidi 10 kwa kipeo cha 305. Pingamizi zito zaidi lilitokea mwaka 2012, pale vikundi viwili vya watafiti vilipokusanya kutoka intaneti funguo za wazi za RSA, ambazo kila mmoja hubeba zao la namba tasa mbili, na kukuta nyingi zina kigawo tasa kimoja kwa pamoja. Kuzivunja kulihitaji kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) tu. Lakini kasoro ilikuwa katika vifaa vilivyochagua bila unasibu wa kutosha. Wingi ulikuwapo, haukutumiwa. Ile namba ya 2024, kwa upande wake, haiwezi kuficha siri yoyote, kwa kuwa kila mtu anaijua. KKS hufundishwa tangu shule ya msingi, na walimu wa hisabati wanapaswa kuifundisha pamoja na tukio hilo la 2012.