Komoro: Visiwa vidogo vilivyotikisa soka ya Afrika huku bahari ikila fuo zake

MASHABIKI wa soka katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja hadi Kayole, hawana sababu ya kuisahau Komoro. Mnamo Novemba 2020 taifa hilo la visiwa liliilazimisha Harambee Stars sare ya 1-1 jijini Nairobi, kisha siku nne baadaye likailaza 2-1 mjini Moroni. Machi 2021 Komoro ikafuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kenya ikabaki nyumbani.

Komoro ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa mnamo Julai 6, 1975. Ina visiwa vitatu vikuu: Ngazidja, Nzwani na Mwali. Kisiwa cha nne, Maore, kilisalia chini ya Ufaransa. Sensa ya 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000, ilhali Nairobi pekee ilikuwa na takriban milioni 4.4 mwaka wa 2019. Lugha yao, Shikomori, ina udugu wa karibu na Kiswahili.

Taifa hilo lilijiunga na Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) mwaka wa 2005. Chini ya kocha Amir Abdou, aliyeteuliwa 2014, timu ilijengwa kwa kiasi kikubwa na wachezaji waliozaliwa au kulelewa Ufaransa na wazazi Wakomoro.

Katika fainali zilizoandaliwa Cameroon mnamo Januari 2022, Komoro iliwashangaza mabingwa wa zamani Ghana kwa kuwabwaga 3-2. Katika raundi ya 16 bora, makipa wake wote walikosekana kutokana na jeraha na ugonjwa wa Covid-19, hivyo beki Chaker Alhadhur akasimama langoni dhidi ya wenyeji. Licha ya kupoteza mchezaji kwa kadi nyekundu mapema, Komoro ilishindwa 2-1 pekee, Youssouf M'Changama akifunga kwa mkwaju wa adhabu. Mnamo Novemba 2024 ilifuzu tena, kwa fainali za Morocco.

Hata hivyo, nyumbani kuna mchuano mgumu zaidi. Kati ya mwaka wa 1901 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimita 20, kwa kuwa maji hutanuka yanapopata joto na barafu ya nchi kavu inaendelea kuyeyuka.

Komoro haimo katika hatari ya kufunikwa yote, kwani Mlima Karthala una urefu wa mita 2,361. Lakini miteremko ni mikali, na miji na vijiji vingi vimejibana kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Huko ndiko mawimbi yanakomega ardhi, na visima vingi vya pwani ya Ngazidja vina maji ya chumvi. Uchimbaji wa mchanga wa ufuoni kwa ajili ya ujenzi umeongeza madhara, nacho kimbunga Kenneth kikavipiga visiwa hivyo Aprili 2019.

Kwingineko, wanamichezo wa mataifa kama hayo wametumia jukwaa hilo kupaza sauti. Katika Olimpiki za Rio mwaka wa 2016, mnyanyua uzani David Katoatau wa Kiribati alicheza densi jukwaani ili dunia ikumbuke visiwa vyao. Tuvalu, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita tatu juu ya bahari, ilipeleka wanariadha wawili Paris mwaka wa 2024.

Kwa mkazi wa Umoja, aliye zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hatari hiyo huenda ikaonekana kuwa mbali. Lakini bahari inayoila Komoro ndiyo hiyo hiyo inayopiga kuta za Lamu na Mombasa. Komoro iliweza kukusanya timu kutoka ng'ambo. Ufuo ukiisha, hakuna ng'ambo pa kuuagizia mwingine.