Kila Kromosomu na Mtaa Wake

Kwenye vitabu vya baiolojia vya shule, kromosomu za binadamu zimepangwa mbili mbili, kubwa mwanzo na ndogo mwisho, kama viatu kwenye rafu ya duka. Jozi 23. Tulizichora, tukafanyia mtihani, tukasahau. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza: kabla ya kupangwa hivyo kwa ajili ya picha, zilikuwa zinakaaje?

Umbo lile la vijiti huonekana seli inapojigawa tu. Muda mwingine wote kromosomu zimelegea na kuwa nyuzi ndefu mno. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa inafika takriban mita 2, na yote inakaa ndani ya kiini chenye upana wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Je, imesokomezwa mle hovyo, au kila moja ina pake?

Mwaka 1885 Carl Rabl, mwanaanatomia wa Austria, alidokeza kwamba kromosomu hazipotezi nafasi zao baada ya seli kumaliza kujigawa. Aliyelipeleka wazo hilo mbali ni Theodor Boveri wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Boveri alijua kuchagua mnyama wa kuchunguza. Alichukua mnyoo wa tumboni mwa farasi, ambaye seli za kiinitete chake zina kromosomu mbili au nne tu, kubwa, za kuhesabika kwa macho.

Akaona jambo. Chukua seli mbili dada, zilizotoka kwenye mgawanyiko mmoja. Zinapojiandaa kugawanyika tena, kromosomu zao hujitokeza katika mpangilio unaofanana, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Linganisha sasa na seli dada za jozi nyingine: mpangilio ni tofauti. Kama katikati ya safari kromosomu zingekuwa zimeyeyuka na kuchanganyika, ufanano huo wa dada kwa dada ungetoka wapi?

Mwaka 1909 Boveri akaandika kwamba kila kromosomu hushika eneo lake ndani ya kiini. Neno lake la Kijerumani ni la ardhi na mipaka. Ungeweza kulitafsiri himaya. Mimi napenda zaidi mtaa. Mtaa una mipaka ambayo wenyeji wanaijua hata pasipo ukuta, na majirani huingiliana pembezoni. Ndivyo ilivyo kwenye kiini pia.

Halafu wazo likazimwa, na kilicholizima ni kifaa bora zaidi. Hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika kuchunguza seli, katika miaka ya 1950 na 1960, watafiti walitegemea kuiona mitaa ya Boveri waziwazi. Hawakuiona. Waliona vipande vya nyuzi kila upande, vyote vimefanana. Wengi wakahitimisha kwamba kiini ni sahani ya tambi: nyuzi za kila kromosomu zimezagaa kote, zimepitana na za wenzake.

Ukitafakari, kosa lenyewe ni la kawaida sana. Hadubini ile hutazama kipande kilichokatwa chembamba mno. Kata tambi za sahani nzima namna hiyo, utabaki na nukta tu, na hakuna nukta inayokwambia ilitoka kwenye uzi upi. Kifaa kilikuwa na nguvu ya kukuza, lakini hakikuwa na njia ya kutofautisha. Kutoona kukachukuliwa kuwa ni ushahidi.

Waliolirudisha swali ni ndugu wawili Wajerumani, Thomas na Christoph Cremer, kwa majaribio yaliyoanza miaka ya 1970. Hawakujaribu kuiona mitaa. Walichukua seli za panya aina ya hamster, wakapiga sehemu ndogo ya kiini kwa leza ya miali ya urujuanimno, kisha wakangoja. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Kama kiini ni sahani ya tambi, mlipuko mdogo utagusa kidogo kidogo kromosomu nyingi. Kama kuna mitaa, zitaumia chache tu. Seli zilipojigawa, kumbe zilizoumia zilikuwa chache.

Nusu ya pili ya miaka ya 1980 ikaja mbinu ya kuzipaka kromosomu rangi moja moja, na mwishowe mitaa ikaonekana. Haikuwa imegawanywa kiholela pia. Mwaka 1999 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba katika seli nyeupe za damu ya binadamu, kromosomu namba 19, iliyosheheni jeni, hukaa katikati ya kiini, na namba 18, yenye jeni chache, hukaa pembezoni.

Sasa, ujirani huu unatuhusu nini? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1970 ikajulikana kwamba kwa wagonjwa wengi kipande cha kromosomu 8 na kipande cha kromosomu 14 vimebadilishana mahali. Zote mbili zimekatika, na seli katika kujitibu ikaunga ncha isiyo yake. Mwaka 2003 timu ya Tom Misteli nchini Marekani ikaonyesha kwamba, katika seli za aina inayozaa saratani hiyo, jeni mbili zinazounganishwa kimakosa huwa mara nyingi zimekaa karibu hata kabla ya ugonjwa. Ujirani sio sababu pekee. Kirusi cha Epstein-Barr na malaria vimo pia. Lakini anayeungwa naye kimakosa, mara nyingi ni jirani.

Boveri hakuyaona haya. Mwaka 1914 alichapisha kitabu akisema saratani huanzia kwenye seli moja ambayo kromosomu zake zimevurugika. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 53. Mkewe, Marcella, mwanabaiolojia Mmarekani, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kikatoka mwaka 1929. Mitaa na saratani vilikuwa mawazo mawili tofauti mezani kwa mtu mmoja. Yalikuja kukutana miongo mingi baadaye, katika ugonjwa ambao daktari alikuwa ameuona kwenye mataya ya watoto wa Uganda.