Kaseti Zilikamatwa, Wazee Walibaki

Reggaeton vijana wetu wanaicheza tu, historia yake hawaijui. Nawaandikia kwa sababu ni muziki wa watu waliohama, kama sisi.

Mwanzo wake uko Panama. Kabla mfereji haujafunguliwa mwaka 1914, maelfu ya wafanyakazi walitoka Jamaika na Barbados kwenda kuuchimba. Wengi hawakurudi kwao. Miaka mingi baadaye uzao wao, kina El General, wakachukua reggae ya Jamaika wakaiimba kwa Kihispania. Hata mdundo ulitoka Jamaika: mwaka 1990 Shabba Ranks alitoa "Dem Bow", na mpaka leo mdundo wa reggaeton unaitwa dembow.

Muziki ukavuka bahari hadi Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Huko vijana wa mitaa ya maskini walikesha wakirap juu ya biti hizo, kwenye klabu na kwenye sherehe za nyumbani. DJ Playero na wenzake wakarekodi kaseti, zikapita mkono kwa mkono. Wakubwa wakasema ni uchafu. Kweli, maneno mengine yaliwadharau wanawake, hilo silifichi. Lakini mwaka 1995 polisi waliingia kwenye maduka ya muziki wakazibeba kaseti kama vile ni bangi.

Sasa tuje 2020. Bad Bunny hajatimiza hata miaka 26, na tayari ni nyota mkubwa. Angeweza kuimba peke yake, nani angemuuliza? Lakini kwenye wimbo "Safaera" aliwaita kaka zake wa muziki, Jowell & Randy na Ñengo Flow, watu walioanza kazi hiyo yeye akiwa bado mtoto wa shule. Wimbo una kama dakika 5, na mdundo unabadilika kila mara, vile madijei wa zamani walivyounganisha nyimbo kwenye kaseti zao. Ni kama usiku mzima wa disko umebanwa ndani ya wimbo mmoja.

Hapo ndipo mimi nasimama. Polisi walibeba kaseti, ila ule ujuzi ulibaki kwa watu, na kijana akaenda kuwatafuta. Yeye alikuwa na wasikilizaji wengi, wao walikuwa na kumbukumbu.

Huku kambini hatukukimbia na kaseti. Nyimbo za kwetu, za harusi, za kulima, za kubembeleza watoto, ziko kwa wazee, na wazee tunawazika mmoja mmoja. Vijana wanarekodi kwa simu kila wiki, lakini wanarekodi wenyewe kwa wenyewe tu.

Basi wadogo zangu, mkija kituoni kurekodi, kila kundi lije na bibi mmoja au babu mmoja. Aimbe hata mistari miwili. Biti tutatafuta pamoja.